Kuunga mkia: kwa nini natoboa kabla jua halijachomoza

Anayeingia kwenye gereji yangu ya kuundia ndege hapa Katuba, Lubumbashi, huuliza kwanza mabawa yako wapi. Mabawa hayaninyimi usingizi: yanafungwa kwa bolti, na bolti hufunguka. Mkia ni habari nyingine. Ukishatoboa matundu ya kuunga koni ya mkia na sehemu ya mbele, ndege imeshaamua itatazama wapi.

Ndege yetu ya viti viwili ina kiwiliwili cha vipande viwili, vyote vya bati la alumini. Cha mbele kinabeba watu na injini. Cha nyuma ni koni ndefu inayozidi kuwa nyembamba hadi fremu ya mwisho, pale usukani wa mkia utakapokaa. Vinakutana kwenye fremu moja, mabati yakilaliana kama ya paa la nyumba. Kabla ya riveti, vile vijiti vya chuma vinavyopondwa ncha ili vifunge bati moja kwa moja, kuna kleko, vile vipini vya chemchemi vinavyoshika bati kwa muda. Maadamu ni kleko tu, kosa halina gharama.

Koni ya kwanza niliyowahi kuunga, niliipima na kuitoboa mwezi wa saba, jua likiwa limegeukia magharibi na mlango uko wazi. Vipimo vyote vilikubali. Kesho yake asubuhi, kwa baridi ile ya Lubumbashi mnayoijua, timazi ikaonyesha mkia umehamia kushoto. Nikamshuku mpwa wangu, nikashuku kamba, nikashuku na sakafu. Jioni, jua lilipoingia tena, niliweka kiganja ubavuni. Kushoto kulikuwa kwa moto, kulia kwa baridi.

Piga hesabu. Kila mita ya alumini hurefuka takriban milimita 0.023 kwa kila digrii moja ya joto. Ubavu wa mita 4 ukiuzidi mwenzake kwa digrii 15, unakuwa mrefu zaidi kwa karibu milimita 1.4. Kiwiliwili cha upana wa mita 1 hapo kinapinda kama ndizi, na ncha ya mkia inasogea karibu milimita 3. Sitawatisha: milimita 3 haziangushi ndege. Ila matundu ya kipande kinachofuata hayakutani tena, unayalazimisha, na bati lililolazimishwa hukaa na mvutano usioonekana. Tangu siku hiyo napima na kutoboa alfajiri, mlango umefungwa.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kamba. Nadondosha timazi kutoka alama za katikati ya kila fremu hadi mstari wa chaki sakafuni. Kisha napima mshazari: kutoka tundu la bawa la kushoto hadi katikati ya fremu ya mwisho, na vivyo hivyo kulia. Nikikuta tofauti ya zaidi ya milimita 1, naanza upya.

Kusokoteka ndiko ninakokuogopa zaidi, maana macho hayakuoni. Naweka ubao ulionyooka mbele, panapokaa mabawa, na mwingine nyuma, kisha nalinganisha kwa mpira wa maji, ule ule wa waashi. Milimita 2 kwenye ubao wa mita 1 ni kama sehemu ya kumi ya digrii. Hapo tunalegeza kleko na kusukuma.

Halafu kuna balaa letu la Katanga: shaba. Jirani yangu anasuka upya mota za umeme, na vumbi lake la shaba linapenya kila mahali. Chembe ya shaba ikinaswa kati ya mabati mawili ya alumini, unyevu wa masika ukaja, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo tunatenganisha mabati baada ya kutoboa, tunayafuta, tunapaka rangi ya kukinga kutu, ndipo tunayarudisha.

Riveti zetu ni za milimita 3.2. Kila moja ichomoze nyuma mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 4.8; ikishapondwa, kichwa kipya kiwe na upana huo huo na urefu wa milimita 1.6. Hatupigi kwa mfululizo kutoka ncha hadi ncha, bati litasukumana na kuvimba. Tunarukaruka.

Mpwa wangu, kwa kuwa ni mwembamba, analala kifudifudi ndani ya koni na mkononi ana chuma kizito cha kukinga riveti kwa nyuma ninapoipiga. Nimeweka mhimili chini ya mkia, la sivyo uzito wa kijana unaushusha. Hatusikiani kwa kelele, basi anagonga bati: mara moja nipige tena, mara mbili iko sawa, mara tatu imeharibika.

«Mjomba, hii imelala,» alisema jana alipotoa kichwa. Ilikuwa imelala kweli. Tuliitoa kwa kutoboa kichwa chake taratibu, tukaweka nyingine.

Upande wa kulia umekwisha. Kushoto kunangoja, maana jirani ana mota tatu za kumaliza, na sifungui mabati yangu wakati anasaga.