Ahadi ya watoto ni ya nani?

Mwezi uliopita binti mmoja wa Vihiga aliisukuma fomu yangu ya ndoa hadi ukingoni mwa meza. "Mwalimu, mimi ni wa Friends, Quaker. Siwezi kutia sahihi kwamba nitawalea watoto Kikatoliki." Mchumba wake, Mkatoliki, akainamia simu. Nikamwambia binti aweke kalamu chini, maana sahihi inayotakiwa pale si yake.

Mimi ni katekista, na katika mafunzo ya wachumba hakuna jambo ninalolirudia kama hili. Mkatoliki anapooana na Mkristo wa kanisa jingine, kanuni ya 1125 ya sheria ya Kanisa Katoliki inamdai Mkatoliki peke yake: aahidi kwa moyo mnyofu kufanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenzake anajulishwa mapema tu, ajue mchumba wake amejifunga kwa lipi. Zamani haikuwa hivyo. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataka wote wawili waahidi, hadi Papa Paulo VI alipoibadilisha mwaka 1970. Kwa hiyo nyanya anayemnong'oneza mjukuu kwamba anakwenda "kuuza watoto" hasemi uongo. Anakumbuka ya enzi zake.

Hayo maneno "ndani ya uwezo wake" msiyaruke. Mwongozo wa ekumeni wa 1993, yaani wa Kanisa Katoliki kuhusu uhusiano na makanisa mengine, unasema Mkatoliki aliyejitahidi kweli, na bado watoto wakabatizwa kwingine, haangukiwi na adhabu ya Kanisa. Ila kujitahidi kuwepo! Wapo wanaume wanaotia sahihi hapo kwa mbwembwe na hawajakanyaga Misa tangu Pasaka.

Huku Magharibi mwa Kenya tuna fundo letu jingine. Friends, walioanzia Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji. Jeshi la Wokovu vilevile. Mkatoliki akioana na Mwanglikana aliyebatizwa, ruhusa ya askofu inatosha. Akioana na mtu wa Friends ambaye hajawahi kubatizwa kwa maji popote, pana kizuizi cha kanuni ya 1086, cha Mkatoliki kuoana na asiyebatizwa, na askofu asipokiondoa kabla ya siku ya harusi, hapana ndoa. Hapo mtu huumia. Amekua akiimba na kuomba tangu utotoni, leo anaandikwa fungu moja na asiye Mkristo! Simlaumu akinuna. Namweleza kwamba fomu haipimi imani yake, inauliza habari ya maji tu.

Kwa Wasabato shida ni nyingine: wao hubatiza aliyekwisha kuamini mwenyewe, basi mtoto mchanga mwenye kitambaa cheupe ni ugomvi wa kwanza. Wa pili ni kalenda. Mama hafui Jumamosi, baba anataka watoto Misani Jumapili asubuhi, na sare za shule zinaanikwa Jumapili jioni, zinavaliwa Jumatatu zikiwa na unyevu. Hilo mlipange kabla ya harusi, msingoje mtoto aingie darasa la kwanza.

Nirudi kwa binti wa Vihiga. Aliuliza kama ataruhusiwa kuwasomea watoto Biblia na kuwafundisha nyimbo za kwao. Nikamwambia hakuna kanuni inayomzuia. Mchumba akaweka simu mfukoni, akauliza yeye aanzie wapi. Nikamwambia aanze na ishara ya msalaba. Akajaribu pale pale mbele yetu, akagusa bega la kulia kwanza badala ya la kushoto.