Nani ana ruhusa, nani ni bluu: diplomasia na vita ndani ya EVE Online

Februari 2009, muungano wa wachezaji uliokuwa ukiogopwa kuliko yote katika EVE Online, gemu la mtandaoni la vita vya meli za anga, ulifutwa na mtu mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Muungano huo, Band of Brothers, ulikuwa umepigana kwa miaka na GoonSwarm (tunaowaita Goons), na Warusi wa Red Alliance, na Wafaransa wa Tau Ceti Federation. Maadui hao walishajaribu kuvunja ngome yao ya jimbo la Delve wakashindwa. Kisha mkurugenzi mmoja wa ndani akahamia upande wa Goons. Akatumia mamlaka aliyokuwa nayo kuyatoa mashirika wanachama, moja baada ya jingine, akaufunga muungano wenyewe. Enzi hizo umiliki wa anga uliongezeka nguvu kadiri muungano ulivyokaa mahali, kwa hiyo muungano ulipofutika, ile miaka ya kukaa ikafutika nao, na mitambo ya ulinzi iliyoitegemea ikazimika. Hata jina hawakulipata tena, maana Goons walishalisajili. Ndani ya miezi michache Delve ikabadilisha mikono.

Nimefanya kazi ya udiplomasia ndani ya gemu hili kwa muda mrefu, kwenye miungano midogo na ya kati, na kila anayejiunga na dawati letu namsimulia kisa hicho kwanza. Wengi huja wakiwa na hamu ya meli kubwa. Mimi nataka waanze kwa kuuliza nani ana ruhusa gani, nani analipa bili, nani ameandikwa bluu, yaani rafiki, na nani bado ana moyo wa kuingia mchezoni usiku wa tisini wa vita. Nimezisoma vita zote kubwa za EVE, na sijaona hata moja iliyoamuliwa na mizinga peke yake.

Kwa asiyelijua, EVE ilitolewa Mei 2003 na CCP Games ya Reykjavik, Iceland. Ni ulimwengu mmoja wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na karibu wachezaji wote duniani tuko kwenye seva moja, iliyoko London. Katikati ya ramani kuna polisi wa mchezo. Pembeni, kwenye anga zenye kiwango cha usalama cha sifuri, hakuna polisi wala sheria: anayeweza kujenga na kulinda ndiye mwenyeji. Wachezaji huunda mashirika, mashirika huunda muungano, na miungano hukusanyika kuwa kambi.

Tuikazie macho hiyo kambi. Shirika lipo ndani ya programu, lina hazina na vyeo. Muungano upo, una jina na bili. Kambi, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko vyote na ndiyo inayokusanya maelfu ya watu vitani, programu haikuitengenezea mahali pake. Hakuna kitufe cha kuiunda wala sheria ya mchezo inayowazuia wenzako wasikuache njia panda. Inaishi kwenye chaneli za mazungumzo, kwenye hati za pamoja na kwenye ahadi za watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Ndiyo maana wanadiplomasia tupo.

Chombo chetu cha kila siku ni orodha ya rangi. Kila muungano huweka alama kwa wengine, kuanzia chanya kumi hadi hasi kumi, na alama hiyo humtokea rubani kama rangi kando ya jina. Bluu ni rafiki, nyekundu ni adui, na asiye na rangi kwa kawaida hupigwa tu. Rubani hana muda wa kusoma mikataba. Anaona rangi, ana sekunde mbili tatu, anafyatua au anaacha. Kwa hiyo makubaliano yoyote tuliyofikia kwa wiki nzima ya maneno, kwake ni ile rangi tu. Mtu akichelewa kuibadilisha kwa saa moja, mkataba umeshavunjika kabla wino haujakauka.

Kesi ya kawaida kabisa ni bluu kumpiga bluu. Ujumbe unaingia: mchimbaji wa muungano rafiki amepoteza meli yake mkononi mwa vijana wetu, na ameambatanisha ripoti ya kifo cha meli. Naifungua. Ripoti hiyo haidanganyi: ina jina la mfumo, saa ya seva, vifaa vyote vilivyokuwa ndani ya meli, na kila aliyepiga pamoja na kiasi cha madhara aliyosababisha. Kwanza naangalia saa, maana mara nyingi rangi ilibadilishwa dakika chache baada ya risasi. Pili naangalia idadi ya waliopiga. Mmoja anaweza kuwa amekosea, lakini kumi na watano waliokuwa na kamanda wanatakiwa kujieleza. Tatu namtafuta huyo kamanda kabla hajasikia habari kwa mtu mwingine. Kisha nalipa, na nalipa haraka, bila kubishania bei ya vifaa. Meli ya kuchimba ni pesa ndogo kwa hazina ya muungano, ila kwa mchimbaji mmoja inaweza kuwa akiba yake ya mwezi mzima. Akilipwa jioni ileile anawaambia wenzake. Akizungushwa siku kumi, kamanda wake anapoulizwa kama yuko tayari kutusaidia vitani, jibu linakuwa zito.

Katika kazi hii, jina ambalo wengi wetu tunalitaja kwa heshima ni la Sean Smith. Mchezoni aliitwa Vile Rat, mwanadiplomasia mkuu wa Goons, na alihusika sana katika kujenga mahusiano yaliyoizaa kambi kubwa ya CFC. Nje ya mchezo alikuwa ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na aliuawa katika shambulio la Benghazi tarehe 11 Septemba 2012. Habari zilipofika, wachezaji waliobadilisha majina ya vituo vyao ili kumkumbuka walitoka pande zote za ramani, wakiwemo waliokuwa wakipigana na watu wake. Hilo bado linanigusa. Adui akikulilia, ujue ulikuwa ukiongea naye kama mtu.

Sasa mikataba yenyewe. Kuna wa kutopigana na kuna wa kutovamiana, na mgeni huidhania ni kitu kimoja. Wa kwanza unamfanya jirani kuwa bluu: hakuna risasi kabisa. Wa pili unaruhusu marubani kupigana wanavyotaka, ila hakuna atakayegusa vituo wala umiliki wa mwenzake. Mimi huutetea wa pili karibu kila mara. Rubani amekuja kucheza gemu la vita. Ukimzungushia bluu pande nne, atatembea saa nzima kutafuta wa kupigana naye, atakosa, na baada ya wiki kadhaa utaona haingii tena. Nimeona miungano ikifa hivyo, salama salimini, hakuna aliyewashambulia.

Mkataba hudumu maadamu kinachoushikilia bado kipo. Mwaka 2012, madini ya mwezini yaliyoitwa technetium yalipatikana zaidi kaskazini, na wenye miezi hiyo, wakiwemo mahasimu wa siku nyingi, waliunda umoja wa kupanga bei na kuuita OTEC, kwa mfano wa OPEC. Hapo faida ilifunga midomo ya visasi. Mwaka 2013 CCP wakabadilisha mgawanyo na thamani ya madini ya mwezini. Faida ya kaskazini ikashuka, macho yakageukia miezi ya jimbo la Fountain, na waliokuwa wameishikilia Fountain ni TEST Alliance, rafiki wa jana wa Goons. Julai mwaka huo marubani zaidi ya 4,000 walikutana kwenye mfumo mmoja, 6VDT-H, na TEST wakaipoteza Fountain. Ndiyo maana kila sasisho la mchezo linapotangazwa mimi husoma kwanza sehemu ya madini, halafu naangalia ni rafiki gani ambaye hatatuhitaji tena.

Kuhusu bili, kisa chake kinajulikana, ila mara nyingi husimuliwa kwa ajili ya milipuko tu. Wakati ule kushika mfumo kulilipiwa. Mfumo wa B-R5RB, jimbo la Immensea, ulikuwa maegesho ya meli nzito za kambi ya N3 na Pandemic Legion. Tarehe 27 Januari 2014 malipo hayakupita, umiliki ukaanguka, na CFC pamoja na washirika wao Warusi wakawahi kuingia na kuweka alama yao. Ikabidi wenyeji wapigane palepale, siku ambayo hawakuichagua. Pambano lilichukua saa 21, wakashiriki wachezaji 7,548, zikaharibiwa taitani 75: 59 za N3 na Pandemic Legion, 16 za upande wa pili. Taitani ndiyo meli kubwa kuliko zote mchezoni, na kuijenga ni kazi ya wiki nyingi na mikono mingi. Kwa makadirio ya wakati ule, vilivyoteketea vilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 300,000. CCP waliyaacha mabaki yake pale kuwa kumbukumbu. Nikipita hapo na wanafunzi wangu huwaonyesha ukubwa wa yale mabaki, kisha nawauliza kwetu nani analipa bili, na nani anajua kuilipa huyo wa kwanza akisafiri.

Wala Goons wenyewe hawakuwa salama. Mwaka mmoja tu baada ya kuwavunja Band of Brothers, kiongozi wao aliacha bili za umiliki zilale, kisha akachukua mali na kuwafukuza wanachama. Delve ikaenda kwa warithi wa wale wale Band of Brothers. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika EVE nguo hiyo ni cheo.

Cheo cha hatari kuliko vyote naona ni hiki chetu. Septemba 2017 ofisa mkuu wa diplomasia wa Circle-Of-Two, mwenye ruhusa pana ndani ya muungano wake, alichukua fedha za hazina na kuhamisha vituo vyao vikuu, kikiwemo kituo chao kikubwa kuliko vyote, kwenda mikononi mwa mahasimu. Kiongozi wake alipandwa na hasira, akatoa vitisho vya maisha halisi, na CCP wakamfungia nje ya mchezo. Kumbuka kuwa mwaka mmoja na ushei nyuma, Circle-Of-Two ndio waliojitoa kwenye kambi ya Goons katikati ya vita ya 2016, vita iliyogharamiwa kwa fedha za mabenki ya kamari ndani ya mchezo, na kujitoa kwao kuliharakisha Goons kupoteza kaskazini yote. Mwanadiplomasia hahitaji ufunguo wa hazina ili azungumze na watu. Mimi nilipopewa ruhusa za ukurugenzi niliomba zipunguzwe, nikabakiwa na uwezo wa kubadilisha rangi tu.

Vita nyingine kubwa ilianza Julai 2020, baada ya mkataba wa kutovamiana kati ya Imperium, kambi ya Goons, na kambi ya TEST kufikia mwisho. TEST na kambi nyingine, PanFam, waliungana, wakaitwa PAPI, wakawa na watu wengi zaidi mara kadhaa. Oktoba kwenye mfumo wa FWST-8 walihesabiwa wachezaji 6,557 kwa wakati mmoja, rekodi iliyoingizwa Guinness. Mkesha wa mwaka mpya, kwenye mfumo wa M2-XFE, zikaanguka taitani 257. Siku mbili baadaye PAPI walijaribu kurudi na kundi kubwa, seva ikazidiwa, na sehemu ya meli zao ikanasa humo ikizingirwa kwa wiki nyingi.

Lakini kilichonifundisha ni saa. Kituo kinaposhambuliwa, mwenye kituo ndiye aliyechagua saa ambayo hatua inayofuata itafanyika. Wazungu wa Ulaya huweka saa moja jioni ya seva, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa nne usiku, raha tupu. Wamarekani wakiweka saa nane usiku ya seva, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na kuna kazi asubuhi. Pambano likijaa watu, seva hupunguza mwendo hadi asilimia 10, hivyo dakika sita za vita hula saa nzima ya maisha yako. Fanya hivyo mwaka mzima. Mvamizi ndiye anayeombwa kuamka tena na tena, mbali na nyumbani, kwa ajili ya ngome ya mtu mwingine, wakati mlinzi analinda vitu vyake. PAPI walifika mpaka mlangoni pa 1DQ1-A, mji mkuu wa Imperium, na Agosti 2021 wakaondoka bila kuuvunja. TEST wakayaacha majimbo yao ya zamani ya kusini.

Kwa hiyo katika vita sihesabu meli zilizoharibiwa. Natazama waliofika kwenye operesheni ya alfajiri wiki hii kulinganisha na mwezi uliopita, wa kwetu na wa upande wa pili kwa kadiri mashushushu wanavyotuletea. Idadi yao ikianza kupungua huko ndipo naandika ujumbe wa kwanza wa kuuliza masharti, maana mtu aliyechoka husikiliza. Na masharti ninayoyapeleka huwa mafupi: vituo vipi havitaguswa, notisi ya siku ngapi kabla ya kuvunja, itatolewa kwenye chaneli ipi kwa saa ya seva, na majina mawili kila upande, ili mmoja akilala au akihama, mwingine ajibu.