Si kweli kwamba Uyahudi unamtaka mtu asiye na doa

Wengi wakisikia kuwa Torati ina amri 613, hudhani Myahudi mcha Mungu akiteleza kwenye moja tu, basi kazi yote imeharibika. Sivyo.

Chukua vile vibao vya mawe alivyovivunja Musa, aliposhuka mlimani akawakuta watu wanaabudu ndama wa dhahabu. Baadaye akachonga vingine. Vipande je? Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasema viliwekwa ndani ya Sanduku la Agano, pamoja na vile vizima. Havikutupwa. Vikabebwa hivyo hivyo jangwani, na uzito wake.

Au ingia nyumba ya washika dini kule Jerusalem, utazame ukuta unaoelekeana na mlango. Huenda ukakuta mraba wa dhiraa moja, kama nusu mita kila upande, hauna plasta wala rangi. Fundi hakukimbia na hela! Umeachwa makusudi, kulikumbuka Hekalu lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Familia inakula na kucheka huku pengo likiwatazama.

Uzembe hauruhusiwi, tuelewane. Kutubu kwa Kiebrania ni teshuva, yaani kurudi, na ukimkosea jirani huna budi kumwendea mwenyewe kwanza. Ila Yom Kippur, siku ya kuungama, imo kwenye kalenda kila mwaka, kabla hata hujakosa. Siku hiyo sinagogi zima, rabi akiwemo, hujigonga kifua kwa ngumi wakisema kwa wingi: tumekosa.