Koili mbili si moto mara mbili

Wiki hii nimeletewa kabati la umeme la kukaushia samaki kwa moshi, la nne mwaka huu lenye ugonjwa uleule. Mwenye nalo ni mama anayenunua sato soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kuwabanika nyumbani. Alikuwa na koili moja ya kupashia joto, ya wati 1500, akaona samaki wanachelewa, akapata kijana wa kumfungia ya pili ya ukubwa uleule. Tangu siku hiyo kabati halifiki hata nyuzi 60. Akaniambia, "Fundi, koili mpya inakula moto wa ile ya zamani." Huyu mama alikuwa karibu na ukweli kuliko aliyemfungia.

Koili zote mbili zilikuwa nzima. Zilifungwa mfululizo: umeme unatoka ya kwanza, unaingia ya pili, ndipo unarudi. Koili ya wati 1500 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 35 na ushee. Mbili mfululizo ni omu 70, mkondo unashuka hadi ampea 3.3, na wati zote kwa jumla ni 750. Sijakosea kuandika. Ameongeza koili akapata nusu ya moto aliokuwa nao. Zikifungwa sambamba, kila moja ikipata laini na nyutro yake, ukinzani unakuwa omu 17 na nusu hivi, mkondo ampea 13, nguvu wati 3000.

Hilo linarekebishika kwa dakika kumi, kwa hiyo silo linaloniudhi. Linaloniudhi ni swali linalofuata kila mara: "Sasa zikishakuwa sambamba, moto si utakuwa mara mbili, na samaki watakauka nusu ya muda?" Hapana. Na hapana hiyo ina sababu zaidi ya moja.

Thamostati, yaani kile kifaa kinachowasha na kuzima koili kwa kufuata joto la kabati, ndiyo inayoamua nyuzi. Ukiiweka 90, kabati litakaa 90 likiwa na koili moja, mbili au nne, ilimradi ile moja iliweza kufika. Koili ya pili inakusaidia kufika mapema na kurudi upesi baada ya kufungua mlango. Pia inakusaidia jioni, laini ya mtaa ikizidiwa. Volti zikishuka hadi 200, koili yako ya 1500 inatoa wati 1130 tu, kwa sababu nguvu inafuata volti kwa kipeo cha pili.

Halafu kuna maji. Sato wabichi kilo 20 wakipoteza kilo 6 za maji, kila kilo ya maji inataka kama uniti 0.63 za umeme ili kuwa mvuke. Hizo ni uniti 3.8, yaani saa mbili na nusu za koili moja ikiwaka bila kupumzika, kabla hujahesabu joto linalopita kwenye mabati na mlangoni. Kwa hesabu ya daftari, koili mbili zingemaliza kwa saa moja na robo. Lakini maji ya katikati ya samaki hayajui hesabu ya daftari. Yanatembea polepole kupitia nyama, na ukilazimisha joto kali tangu mwanzo, ngozi ya juu inakauka na kuwa kama ganda, maji yanabaki ndani. Samaki anapendeza kwa macho, anagongeka mkononi, na siku chache baadaye anatoa ukungu. Nimewaona wafanyabiashara wakitupa mzigo mzima kwa sababu hii. Anza chini, nyuzi 50 hadi 60 mlango wa hewa ukiwa wazi, halafu panda. Na kabla ya kumtoa, nyama ya katikati ikae nyuzi 63 kwa nusu saa. Pima kwa sindano ya kipimajoto ndani ya samaki mnene kuliko wote. Rangi haikuambii chochote.

Sasa moshi, ambao karibu hakuna anayeniuliza habari zake. Makabati mengi madogo yana trei ya maranda juu ya koili ileile inayopasha kabati. Koili ikiwaka, maranda yanafukuta. Ikizimwa na thamostati, yanapoa. Kwa koili moja dhaifu, inawaka karibu muda wote, hivyo moshi unatoka muda wote. Ukiongeza ya pili kwenye thamostati hiyohiyo, kabati linafika nyuzi zake upesi, thamostati inakata zote mbili, na trei inakaa baridi sehemu kubwa ya muda. Umelipa pesa ya koili, unalipa umeme, na samaki wako sasa wana moshi mchache kuliko zamani! Watu wanakuja wakilalamika kwamba maranda yamebadilika. Maranda ni yaleyale. Koili inayoyachoma ndiyo imepewa likizo.

Wengine wakisikia hivyo wanaisogeza koili ya pili chini ya trei nayo. Matokeo ni mwali. Moshi mzuri unatoka kwa kuni inayofukuta bila kuwaka. Kuni ikishika moto, moshi unakuwa mchungu, masizi yanapanda, na zile kemikali za saratani zinaongezeka. Ulaya wameweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopairini, mojawapo ya kemikali hizo, kwa kilo ya samaki wa moshi, nasi tunaokula hapahapa tuna mapafu na matumbo yaleyale.

Ninavyofunga mimi: koili ndogo, wati 300 hadi 500, iko chini ya trei ya maranda na ina swichi yake, haijui habari za thamostati. Koili kubwa inapasha kabati na ndiyo pekee inayotii thamostati. Koili yoyote ya kuongeza nguvu inafungwa sambamba na ile kubwa, upande wa pili wa kabati, juu yake bati la kukinga mafuta yanayodondoka. Mahali pa kuweka kihisio cha joto bado pananisumbua. Nikikiweka katikati, rafu ya chini inaungua. Nikikishusha, ya juu inachelewa. Feni ndogo inasawazisha, lakini inakausha ngozi haraka, na tunarudi kwenye lile ganda. Nimejaribu yote, nikaishia kuwaambia wateja wazungushe rafu kila saa. Silipendi suluhisho hilo, ila linafanya kazi.

Kuhusu nyaya nitasema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Ampea 13 kwa saa sita si kazi ya plagi ya ukutani yenye fyuzi ya 13, wala si kazi ya eksitenshoni. Vuta laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya 20, swichi ya kukata laini na nyutro pamoja. Thamostati iamshe kontakta, yaani swichi nzito inayovutwa kwa umeme, isibebe mzigo wenyewe. Ongeza na kikata joto cha usalama cha nyuzi 150 kinachorudishwa kwa mkono, kwa sababu kontakta inaweza kugandana ikiwa imewaka, na wewe umelala.

Kuna wakati mmoja tu ambapo mfululizo ni sahihi. Kabati la mtumba kutoka Marekani lina koili ya volti 120, mara nyingi wati 800. Ukiichomeka kwenye 230 inavuta karibu wati 2900 na kukatika. Mbili zinazofanana, mfululizo, zinapata volti 115 kila moja na kutoa kama wati 1470 kwa jumla. Zifanane kweli lakini. Ukichanganya ya 800 na ya 1000, ile ya 800 ndiyo inayobeba volti nyingi, karibu 128, na ndiyo itakayokufa kwanza. Na bodi yake ya vitufe bado inataka transfoma.

Jambo la mwisho limewahi kunitoa machozi ya hasira. Koili iliyokaa bila kazi inanyonya unyevu kwenye unga wa magnesia ulio ndani yake, na siku ya kuwasha swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayohisi umeme unaovuja, inakata. Kuna mafundi wanaotibu hilo kwa kung'oa waya wa ethi. Kabati la bati, sakafu yenye maji ya samaki, mama amevaa kandambili, na fundi ameondoa kinga iliyosimama kati yake na kifo. Itoe koili, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa kadhaa, ipime kwa mega ya volti 500, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme, nami sirudishi iliyo chini ya megaomu 1. Nyingine zinapona, nyingine zinarudi baada ya mwezi, na kwa macho siwezi kuzitofautisha.

Mama wa Kirumba nimemfungia upya, na nimemwachia mita ndogo pamoja na namba mbili kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kabati. Breka na swichi ya kukata laini na nyutro zikiwa zimezimwa, kontakta ikiwa imebonyezwa na koili ya maranda imezimwa, akisoma omu 17 au 18, awashe. Akisoma 70, kuna mtu amegusa nyaya, anipigie kabla hajapanga samaki.