Akaunti ya benki imezuiwa kwa uchunguzi: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Kadi inakataliwa dukani. Programu ya benki kwenye simu inaonyesha salio lote lipo, ila kutuma hakuwezekani. Ukienda tawini, mhudumu anakuambia tu kwamba akaunti imezuiwa na utapigiwa simu. Kuanzia hapo kila jamaa ana ushauri wake, na mwingi wa ushauri huo humharibia mtu ambaye hana kosa lolote. Ninayoyaeleza hapa ni ya Kenya. Majirani zetu wana sheria zao.

Dhana: Aliyeifunga ni meneja wa tawi, na akitaka ataifungua

Hakuna dhana inayowapotezea watu muda kuliko hii. Akaunti inaweza kuzuiwa na watu tofauti kabisa, na usipomjua aliyeizuia utazunguka bure.

Anaweza kuwa benki yenyewe. Pengine stakabadhi zako zimepitwa na wakati, au pesa zilizoingia hazilingani na kazi uliyoandika siku ya kufungua akaunti. Hapo meneja anaweza kukusaidia kupeleka maelezo yako, lakini kwa kawaida uamuzi hutoka makao makuu. Anaweza kuwa mpelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya polisi, aliyekwenda mbele ya hakimu akapewa amri ya kukagua akaunti na kuizuia. Anaweza kuwa ARA, mamlaka ya kutwaa mali ya uhalifu, ambayo huomba Mahakama Kuu amri ya kuhifadhi mali chini ya sheria ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani kuzifanya pesa za uhalifu zionekane halali. Na kuna KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Ukiwa na deni la kodi, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inairuhusu KRA kuiandikia benki ilipe deni hilo kutoka kwenye akaunti yako. Hilo la mwisho halihusiani na tuhuma za utakatishaji hata kidogo. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akitafuta wakili wa jinai, kumbe alipaswa kwenda kuzungumza na KRA juu ya deni lake.

Kwa hiyo kabla ya kulia, kabla ya kutisha, uliza: nani ameagiza? Je, kuna amri ya mahakama? Kama ipo, ni mahakama gani, nambari ya kesi ni ipi, na ilitolewa tarehe gani? Uliza kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikiwa amri ya mahakama ipo, meneja akikufungulia atakuwa ameikaidi mahakama, kwa hiyo hata akiwa rafiki yako wa utotoni hawezi. Ikiwa hakuna amri, barua hiyo ndiyo mwanzo wa malalamiko yako, kwanza kwa benki na baadaye kwa Benki Kuu ya Kenya ikiwa hujibiwi.

Dhana: Benki ikinyamaza, ina njama ya kula pesa zako

Ukimya huu unaumiza, na nawaelewa wanaoukasirikia. Lakini una sababu. Benki ikishuku muamala, sheria inailazimu kuripoti kwa FRC, kituo cha serikali kinachopokea taarifa za aina hiyo, na ni kosa la jinai kumdokezea mteja kwamba ripoti imepelekwa. Mhudumu anayekuambia "sina habari" huenda anailinda ajira yake na uhuru wake. Ukimuuliza "mmeniripoti?" hatakujibu. Muulize swali analoruhusiwa kulijibu: "Mnahitaji stakabadhi zipi kutoka kwangu?"

Amri za ARA hazibaki siri. Wanaojulikana kuwa na maslahi katika mali hiyo lazima wapewe ilani, na amri hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Huisha siku 90 baada ya tangazo, isipokuwa maombi ya kutaifisha mali yawe tayari mahakamani. Hesabu siku hizo na wakili wako. Wakati huo pesa bado ni zako. Hazijahamia kwa benki wala kwa serikali.

Dhana: Ukizuiwa, ushathibitika kuwa tapeli

Chukua mweka hazina wa chama, kikundi cha watu wanaochanga akiba pamoja. Mshahara wake ni shilingi 30,000, akaunti ni ya kwake binafsi, na mwisho wa mwaka wanachama wote wanatuma michango ya mgao kwa siku mbili tatu. Au chukua kijana wa Kakamega ambaye dada yake anafanya kazi Doha na anamtumia pesa za kujenga nyumba ya wazazi. Pesa zinaingia asubuhi, na jioni zimeenda kwa fundi na duka la vifaa. Mtambo wa benki hauoni nyumba wala chama. Unachoona ni pesa nyingi zinazoingia na kutoka haraka kwa mtu mwenye mapato madogo, na hivyo ndivyo akaunti za kupitishia pesa za wizi zinavyoonekana pia. Shuka lilelile linamfunika mwizi na asiye na kosa, mpaka asiye na kosa atoe karatasi.

Hata kampuni kubwa hupita humo. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia akaunti za Flutterwave, kampuni ya malipo yenye asili ya Nigeria, kwa ombi la ARA. Mwaka 2023 ARA yenyewe ikaomba kuziondoa kesi hizo.

Ila lazima niseme upande wa pili. Ikiwa uliwahi kumkubalia mtu apitishie pesa kwenye akaunti yako ukabaki na asilimia fulani, usijifariji na haya. Zungumza na wakili kabla ya kuandika neno lolote kwa yeyote.

Dhana: Weka pesa kidogo kidogo, chini ya milioni, hawatakuona

Benki nchini hudai maelezo ukiweka au kutoa taslimu ya shilingi milioni moja na zaidi, na miamala ya taslimu inayofikia dola 15,000 huripotiwa FRC iwe inashukiwa au la. Kujaza fomu hiyo si mashtaka. Kuigawanya milioni tatu mafungu ya 750,000 katika matawi manne ndiko kunakowasha taa, kwa sababu hiyo ni mbinu inayotajwa katika kila mafunzo ya wafanyakazi wa benki. Pesa zako halali zinaanza kuonekana chafu kwa namna ulivyoziweka tu.

Dhana: Sijashtakiwa, kwa hiyo hawawezi kugusa pesa zangu

Wanaweza. Kesi ya kutaifisha mali ni ya madai, inaamuliwa kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, na haitegemei matokeo ya kesi ya jinai. Mtu anaweza kuachiliwa huru kwa hakimu na bado akapoteza pesa Mahakama Kuu. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inalinda mali yako, lakini ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. ARA ikishaweka ushahidi wake, mahakama hutarajia ueleze chanzo cha pesa. Kukaa kimya hapo ni hatari.

Dhana: Tulia, itajifungua yenyewe

Kuna zuio dogo la benki ambalo huondoka ukipeleka kitambulisho kipya. Mengine hayaendi popote bila karatasi. Kaa chini, chapisha taarifa ya akaunti, na kando ya kila kiasi kikubwa andika kilitoka wapi na kilienda wapi. Kisha ambatisha ushahidi: mkataba wa kuuza shamba, kumbukumbu za mikutano ya chama na orodha ya michango, risiti za simenti, hati za mshahara za aliye ughaibuni, ujumbe wa M-Pesa. Usibuni hati hata moja. Karatasi moja ya uongo huzifanya zile tisa za kweli zitiliwe shaka.

Maisha nayo hayasimami. Mwombe mwajiri apeleke mshahara kwenye akaunti nyingine, tena kwa uwazi, maana mshahara ukiingia kwenye akaunti iliyozuiwa huenda ukakwama humohumo. Waandikie wanaokudai mkopo mapema: riba haisubiri uchunguzi, na mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbaya. Wajulishe wenye hundi zako wasizipeleke benki.

Na hili wengi hawalijui. Chini ya amri ya kuhifadhi mali, unaweza kuiomba Mahakama Kuu ikuachie kiasi cha kuishi na kumlipa wakili, ukionyesha huna njia nyingine na ukitaja mali zako zote kwa kiapo. Karo ya watoto na dawa za mzazi mgonjwa ziandikwe humo kwa shilingi na senti, pamoja na ankara zake.