Kwa nini nasema majani ya vinka yasichemshwe

Ukipita Sinza, Kijitonyama au Mbezi Beach, Dar es Salaam, utauona kwenye vyungu na kandokando ya kuta: mmea mfupi usiodai maji mengi, majani yanayong'aa, maua ya waridi au meupe yenye petali tano. Kitaalamu ni Catharanthus roseus. Hapa nitauita vinka. Jenasi yake, yaani kundi la mimea ndugu zake, ina spishi nane, saba asili yake Madagaska na moja India na Sri Lanka.

Kazi yangu ni kuchunguza kemia ya mimea dawa, na watu huniuliza mara kwa mara, hasa wenye wazazi wanaougua kisukari, kama kweli chai ya vinka inashusha sukari, na kama kweli inatibu saratani. Maswali yote mawili yana msingi. Kumjibu mtu "ndiyo" au "hapana" tu ni kumdhulumu.

Mwaka 1952 daktari mmoja aliyekuwa Jamaica alituma Kanada bahasha ya majani ya vinka, akieleza kwamba wenye kisukari kule hunywa chai yake. Majani yakamfikia mtafiti Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walipewa dondoo la majani kwa mdomo. Hakikuonekana cha maana. Watafiti wakawachoma sindano ya dondoo hilo kwenye mshipa. Baada ya siku chache panya wakaanza kufa, miili imejaa majipu, kwa bakteria ambao kwa kawaida kinga ya mwili huwamudu. Seli nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka na uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza seli za damu, umedhoofika.

Wangeweza kufunga faili, maana walichokitafuta hawakukiona. Wao wakajiuliza: kitu kinachoangamiza seli nyeupe za panya mzima kitamfanya nini mgonjwa ambaye seli zake nyeupe zinazaliana bila kikomo, yaani mwenye saratani ya damu? Swali hilo nalihesabu miongoni mwa maswali bora katika historia ya famasia. Mwaka 1958 Noble na mkemia Charles Beer walitangaza vinblastini, dawa ya saratani waliyoitoa kwenye majani hayo. Kwa njia yao wenyewe, Gordon Svoboda na wenzake wa kampuni ya Eli Lilly, Marekani, waliona dondoo la mmea huohuo likirefusha maisha ya panya wenye saratani ya damu. Humo ikatoka vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Madagaska, nyumbani kwa mmea, haikupata mgao wa maana katika mauzo ya dawa hizo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Seli inapotaka kugawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za protini iitwayo tubulini, za kuvutia kromosomu huku na kule. Dawa hizi hushika tubulini isijipange. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, kisha inakufa. Seli njema zinazogawanyika kwa kasi nazo huumia, na kwa vinblastini uboho ndio unaoathirika zaidi. Vinkristini huelemea mishipa ya fahamu, kwa sababu nayo hutegemea nyuzi hizo: mgonjwa hupata ganzi vidoleni, na choo kuwa kigumu.

Sasa angalia kipimo. Dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haizidishwi miligramu 2. Huingia kwenye mshipa wa damu pekee. Ikipelekwa kwa bahati mbaya kwenye maji ya uti wa mgongo, huua. Kwa upande wa pili, gramu 1 tu ya vinblastini huhitaji zaidi ya kilo 500 za majani makavu, na vinkristini ni adimu kuliko hiyo. Ndiyo maana tangazo la mwaka 2022 lilinifurahisha sana: watafiti waliibadili hamira kijenetiki ikatengeneza vindolini na katharanthini, vipande viwili ambavyo vikiunganishwa huwa vinblastini. Dawa hizi hutibu saratani ya damu ya watoto na uvimbe wa Burkitt (saratani ya limfu), ugonjwa tunaoufahamu vizuri Afrika Mashariki. Zikikosekana, kama vinkristini ilivyoadimika Marekani mwaka 2019, watoto ndio wanaoumia.

Kwa hiyo chai haitibu saratani. Kiasi kilichomo hakijulikani, hubadilika kutoka jani hadi jani, na tumbo hukifyonza kwa namna isiyotabirika. Kuhusu sukari, tafiti za baadaye za India zilionyesha dondoo la majani likiishusha kwa panya wenye kisukari, hivyo wazee wa Jamaica hawakuwa wakibahatisha tu. Lakini kisukari ni ugonjwa wa kunywa dawa miaka nenda rudi, na sioni sababu ya mtu kujinywesha kila asubuhi alkaloidi, yaani kemikali za mmea, zinazoua seli wakati metformini, dawa ya kisukari, ipo. Madaktari wa Taiwan wamewahi kuripoti mgonjwa aliyedhoofika uboho vibaya baada ya kutumia mmea huu.

Kama mzazi wako ameshaanza kuinywa, usimgombeze. Mwombe aiache, asiache dawa zake za kisukari, kisha mpeleke akapimwe picha kamili ya damu. Na kama una mgonjwa anayetibiwa hospitali ya Ocean Road au Muhimbili, mwambie daktari wake kila jani na kila unga wa Kariakoo anaotumia, kabla ya sindano inayofuata. Vinkristini huondolewa mwilini na vimeng'enya vya ini, na baadhi ya mitishamba huvizuia visifanye kazi, dawa ikabaki mwilini muda mrefu kuliko daktari alivyokusudia.