Madafu hayaleti mabusha: yanayosemwa Tanga kuhusu kusomea afya ya jamii

Wiki ya pili tangu nirudi Tanga na shahada yangu ya umahiri katika afya ya jamii, bibi mmoja jirani yangu hapa Makorora alinigongea usiku. Amempakata mjukuu, mtoto mwili moto. "Mwanangu, wewe si umesomea afya? Hebu mwangalie." Nilichoweza ni kuita bajaji na kufuatana naye hadi Hospitali ya Bombo. Mtoto alipimwa, ikaonekana malaria, akatibiwa, akapona. Lakini bibi aliendelea kunishangaa: miaka yote ile ya kusoma, na kidonge kimoja sikumpa?

Simlaumu. Wengi wanaamini kwamba aliyesomea afya ya jamii ni daktari. Shahada hii haimpi mtu leseni ya kutibu. Daktari akiisoma anabaki daktari kwa shahada yake ya kwanza, na mimi niliyetoka sosholojia nimebaki asiye daktari. Daktari humuuliza mgonjwa mmoja anaumwa nini. Sisi tunauliza kwa nini mtaa huu una wagonjwa kuliko mtaa wa pili, maji yao yanatoka wapi, vyoo vinafurika mwezi gani, nani hafiki zahanati na kinachomzuia ni nini.

Wengine husema masomo haya ni ya watu wa hospitali peke yao. Kila chuo kina masharti yake. Zipo programu zinazodai shahada ya fani ya afya, na zipo zinazopokea watu wa sayansi ya jamii, lishe au takwimu, kwa hiyo soma tangazo la udahili kabla hujalipa ada ya maombi. Mimi niliketi kati ya bwana afya na mfamasia. Nguzo za masomo ni zile zile karibu kila mahali: epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea na kwa nini), takwimu, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na sayansi ya jamii na tabia. Darasani kwetu hakuna aliyeingia anazijua zote tano.

"Elimu ya afya ni kuwafundisha watu wasiojua." Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii niliibeba mwenyewe hadi kijijini.

Utafiti wa tasnifu yangu niliufanyia pwani ya Pangani, kuhusu kingatiba ya mabusha na matende, yaani dawa wanazomeza wakazi wote ili kuzuia ugonjwa. Pwani yetu kuna usemi wa siku nyingi kwamba madafu yanaleta mabusha. Nikafika na mabango yangu: picha ya mbu, picha ya mnyoo, na dafu lililopigwa mstari mwekundu. Nikaeleza kwamba mbu ndiye anayeambukiza, na kwamba minyoo wakishaingia hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwilini, miaka 6 hadi 8 wakiiharibu. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi. Siku ya kumeza dawa, wanaume wengi hawakuonekana.

Nikarudi bila mabango. Mvuvi mmoja mtu mzima, anashona nyavu zake chini ya mkungu, akaniambia: "Binti, habari ya mbu tunaijua. Ila mwaka ule tulimeza, vijana wakalala na homa siku mbili. Watu wakasema dawa hii inamaliza nguvu za kiume."

Kumbe kikwazo ni homa, na miezi yote ile nilikuwa napigana na dafu! Na homa ile ina maelezo. Dawa zenyewe, ivermektini na albendazoli, zinapoua minyoo wachanga waliomo kwenye damu, mwili hushtuka. Mwenye minyoo wengi ndiye anayeumwa kichwa na kupata homa zaidi, na kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Nguvu za kiume dawa haizigusi. Mabusha yenyewe ndiyo yanayomtesa mwanaume, na yakishatokea kidonge hakiyaondoi, yanataka upasuaji. Mwenye matende naye husaidika kwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha vizuri na kuuinua anapopumzika. Hayo yote yalitakiwa kusemwa kabla ya watu kumeza.

Akaniuliza tena: "Na mimi nisiyeumwa, nimeze cha nini?" Anayedhani takwimu ni adhabu ya darasani isiyo na kazi mtaani, laiti angekuwepo pale. Dawa hizo haziwamalizi minyoo wakubwa. Hupunguza watoto wao kwenye damu. Ndiyo maana humezwa mara moja kwa mwaka, kwa mizunguko isiyopungua 5, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya wakazi wote wameze kila mzunguko, ili mbu akose cha kubeba. Asiye na dalili anaweza kuwa na minyoo hao damuni. Tukachora watu 20 mchangani kwa kijiti, tukahesabu hadi 13, ndiyo asilimia 65 yenyewe. Mzee akatazama, akafuta watatu, kisha wa nne. "Kwetu hatufiki hata 10," akasema.

Kwamba masomo ya maana yako ng'ambo, nitajibu kwa ufupi. Vyuo vya afya vya Muhimbili (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi) vinafundisha umahiri wa afya ya jamii hapa hapa nchini. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo Bagamoyo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, viwili vikiwa Korogwe na Bagamoyo, kabla haijapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Imebaki habari ya damu, kwamba watafiti ni wanyonya damu. Kijijini wazee waliwakumbuka watafiti waliokuja usiku kuwatoboa vidole, wakaitwa mumiani. Ukweli ni kwamba minyoo wachanga hujitokeza kwenye damu usiku, saa ambazo mbu anauma, kwa hiyo vipimo vya zamani vilichukuliwa usiku mkubwa. Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kinachofanyika hata mchana. Tena pendekezo la utafiti hupita kwanza kamati ya maadili, na anayeombwa damu ana haki ya kukataa asinyimwe huduma yoyote.

Nilidhani maelezo hayo yangetosha. Mzee mmoja akasema: "Usiku si neno. Walichukua, wakaondoka, majibu hatukuyaona."

Tasnifu yangu iko maktaba ya chuo, kwa Kiingereza. Nikaandika kurasa mbili za Kiswahili, nikazisoma kwenye mkutano wa kijiji baada ya swala ya alasiri. Yule mvuvi akaomba nakala, akaenda kuibandika pale wanaponadia samaki.